Safari ya Siku Moja Kilwa Kisiwani

Leo nataka twende pamoja Kilwa Kisiwani, tukatazame mji wa kale, kisha tukanunue vitu vya kupeleka nyumbani. Safari ni ya siku moja tu, lakini lina jambo moja la kuangaliwa sana.

Kwanza twapita Kilwa Masoko kupata kibali, ndipo tuingie mashuani. Mkono wa bahari si mpana, mara tumefika. Ufukoni twaona Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505, na baadaye ikajengwa tena na Waarabu wa Omani. Karibu yake ni Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, na kuba zake zastaajabisha hata leo. Mbali kidogo, juu ya genge la bahari, ni Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331.

Sasa nisikilizeni. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wangu huko. Jioni kijana mmoja akafungua leso, akanionyesha vigae viwili na sarafu ndogo ya shaba aliyoiokota mchangani. Nakiri ya kuwa nilifurahi, nikaiwazia rafu ya darasani kwetu. Mzee mlinzi akatuona, akasema kwa upole, “Mwalimu, kesho ukiulizwa imetoka mahali gani, utajibu nini?”

Nikanyamaza. Kwani sarafu moja yenye jina la Sultani huyo huyo imepatikana Great Zimbabwe, mbali sana barani. Kwa kuwa mahali ilipopatikana panajulikana, kipande kile kidogo cha shaba chashuhudia ya kuwa biashara ya Kilwa iliunganika na nchi ya dhahabu. Kama mtu angaliitia mfukoni akaenda zake, ingalikuwa shaba tu. Basi tukamwonyesha mzee pale ilipookotwa, tukamkabidhi vyote.

Tena, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yazilinda mali hizi. Kwa hiyo mtu akikujia kwa siri na ushanga wa kale au sarafu ya kuuza, usinunue. Maana anunuaye ndiye amtumaye mwenziwe kwenda kuchimba.

Je, turudi mikono mitupu? La! Nunueni mkeka kwa mama aliyeusuka, nunueni korosho na nazi. Fedha hiyo yabaki kwa wenyeji, na mkeka ukichakaa, mwingine utasukwa. Lakini ukuta wa Kilwa ukiisha kubomolewa, ni nani atakayeusuka?