Kabla ya Nusukaputi, Sema Ukweli

Hotuba ya muuguzi wa nusukaputi kwa wakaazi waliohudhuria kikao cha mafunzo ya afya



Kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji, kuwalinda wakiwa wamelala, kisha kuwaamsha. Wengi hudhani tukishadunga sindano kazi yetu imekwisha, tunakaa kando kumngojea daktari amalize. Sivyo. Ukiwa chini ya nusukaputi, mwili unaacha mambo mengi ambayo kwa kawaida huyafanya wenyewe bila wewe kufikiri: kukohoa, kumeza, kuiweka wazi njia ya hewa, na wakati mwingine hata kupumua. Yule aliyesimama kichwani pako ndiye anayeyasimamia hayo kwa niaba yako, dakika baada ya dakika.

Ndiyo maana tunakuuliza maswali mengi. Umekula nini, na saa ngapi? Unatumia dawa gani? Je, kuna jamaa yako aliyewahi kupata shida akiwa kwenye nusukaputi? Najua kuna wanaotujibu kile wanachodhani tunataka kusikia. Mtu amekopa nauli, ameomba ruhusa kazini, ameacha watoto kwa jirani. Akisema amekunywa chai, anaogopa kurudishwa nyumbani. Hofu hiyo naielewa. Lakini naomba leo niwaeleze sababu ya maswali haya, ili mkijua tunachokiogopa, mtuambie ukweli.

Umekula saa ngapi?

Tukiwa macho, tunapomeza, kidakatonge hufunika njia ya hewa ili chakula kishuke tumboni. Tone la maji likipotea njia, tunakohoa mpaka litoke. Dawa ya usingizi hulaza ulinzi huo wote. Kukiwa na chakula tumboni kinaweza kupanda hadi kooni na kuingia mapafuni bila mgonjwa kukohoa hata mara moja.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha taarifa kuhusu kina mama wajawazito 44,016. Kati yao, 66 waliingiwa mapafuni na vitu vilivyotoka tumboni wakiwa wamelazwa kwa dawa. Wawili walikufa kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Alionyesha pia kwamba asidi ya tumbo, hata bila chakula, huyaunguza mapafu. Kwa hivyo hatari si ugali peke yake.

Tumbo halimwagi kila kitu kwa kasi moja. Maji hupita haraka, mafuta hukawia. Tuseme upasuaji uliopangwa ni saa tatu asubuhi. Chakula chenye mafuta, kama chapati au nyama ya kukaanga, kinahitaji saa 8, kwa hivyo mwisho wake ni saa saba usiku. Chakula chepesi, uji, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya kopo na chai ya maziwa vinahitaji saa 6: mwisho saa tisa usiku. Maziwa ya mama yanahitaji saa 4, kwa hivyo mtoto anaweza kunyonya hadi saa kumi na moja alfajiri. Maji matupu yanahitaji saa 2: mwisho saa moja asubuhi. Fuateni maagizo mliyopewa hospitalini, kwa sababu wapo wagonjwa wanaohitaji muda mrefu zaidi. Na kama hukuelezwa saa kamili, uliza. Ni haki yako, na ni wajibu wetu kukueleza. Hakuna faida mtoto kushinda na kiu tangu jana bila sababu.

Kina mama na kina nyanya, huruma yenu kwa mtoto ni kubwa. Analia njaa alfajiri, unampa vijiko viwili vya uji kwa siri. Ukimpa, tuambie. Hatutakugombeza. Upasuaji usio wa haraka tutausogeza mbele saa chache. Kama ni wa dharura, hatutaacha kumhudumia: tuna njia nyingine ya kumlaza, ya kumwekea mpira wa kupumulia upesi ili mapafu yalindwe. Lakini njia hiyo lazima tuiandae kabla, na hatuwezi kuandaa tusichokijua.

Hapo hapo niwaambie vijana wa bodaboda na wote wanaowahi kufika kwenye ajali: aliyeumia vibaya msimpe soda wala maji ili "apate nguvu". Maumivu na mshtuko hulifanya tumbo lisite kusaga. Kile alichokula kabla ya ajali bado kimo. Msiongeze kingine. Mfikisheni hospitalini.

Kwa nini tunakuwekea barakoa na kukuambia uvute pumzi?

Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 21. Mtu mzima aliyepumzika hutumia kama mililita 250 za oksijeni kila dakika, na akiba iliyomo mapafuni ni ndogo. Akiacha kupumua, akiba hiyo huisha ndani ya dakika moja au mbili. Ndiyo maana kabla ya kukulaza tunakupa oksijeni safi kwa kama dakika tatu, mpaka akiba iongezeke mara kadhaa. Hapo tunapata nafasi ya kuweka mpira wa kupumulia bila ubongo kukosa oksijeni. Mjamzito na mtoto mdogo huimaliza akiba hiyo upesi zaidi. Kwa hivyo barakoa ikikuletea joto, vumilia kidogo. Unajaza tangi kabla ya safari.

Kwa nini tunasumbua kucha zako?

Kile kibanio kinachowekwa kidoleni kinapima oksijeni kwa mwanga. Kilitokana na kazi ya mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Damu yenye oksijeni nyingi ni nyekundu ya kung'aa. Damu iliyopungukiwa na oksijeni ni nyekundu ya giza. Kibanio hupitisha mwanga mwekundu, na mwanga mwingine usioonekana kwa macho, kisha hupima kiasi kilichovuka upande wa pili. Mtu mwenye afya husoma 95 au zaidi. Chini ya 90 ni dharura.

Sasa, rangi nzito ya kucha, hina nyeusi au piko inaweza kuuzuia mwanga huo, kipimo kikatudanganya. Dada zetu, kama upasuaji umepangwa, acheni angalau vidole viwili bila rangi. Tena, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa hiki hukosa kugundua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kwa watu weusi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo muuguzi hatazami namba peke yake. Anatazama ulimi na midomo, anasikiliza kifua, anashika mapigo.

Sindano ya mgongo

Kina mama wengi wanaozaa kwa upasuaji hupewa ganzi ya mgongoni. Nasikia ikisemwa kwamba inapooza watu. Uti wa mgongo kwa mtu mzima huishia juu kidogo ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo, penye maji na mishipa midogo ya fahamu. Ganzi hiyo hulegeza pia mishipa ya damu, kwa hivyo presha inaweza kushuka, mama akahisi kizunguzungu au kichefuchefu. Usinyamaze. Tuambie papo hapo, tuna dawa na maji ya mshipani, na tutakulaza umeegemea kushoto ili mtoto asikandamize mshipa mkubwa wa damu. Kichwa kikikuuma sana siku zinazofuata, hasa ukikaa au kusimama, rudi hospitalini. Kinatibika.

Mambo yasiyo ya aibu

Mwisho, tuambie haya hata kama yanakuaibisha. Miraa huenda mbio na moyo na kupandisha presha, na dawa zetu pia hugusa moyo. Pombe na sigara hubadilisha namna mwili unavyopokea usingizi na oksijeni. Dawa za presha, za sukari, za kuzuia damu kuganda na za mitishamba, zilete zote kwenye mfuko tuzione. Pumu, tuambie. Selimundu, tuambie bila kukosa, kwa sababu baridi, kiu na upungufu wa oksijeni vinaweza kuleta maumivu makali na kuziba mishipa. Na kama kuna jamaa aliyechemka mwili au kuchelewa sana kuamka baada ya nusukaputi, hilo linaweza kuwa jambo la kurithi. Tukilijua mapema, tunachagua dawa nyingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika chumba cha upasuaji, maneno hayo hutimia kwa dakika chache. Unachotuambia kinatumika kukutibu. Si cha kusimuliwa sokoni. Nawe una maswali ya kutuuliza: Nani atanilaza? Nile na ninywe mwisho saa ngapi? Dawa zangu za kila siku nizimeze asubuhi hiyo? Nikiamka, maumivu yatatulizwaje? Muuguzi wa nusukaputi akipita kitandani kwako bila kukujibu haya, mwite arudi.

Sasa karibuni tujadiliane.