Mkono wa Mpasuaji Husahau
Hotuba iliyotolewa Tukuyu mbele ya waumini na majirani



Nimeombwa niseme juu ya mashine ambayo baadhi yenu mmekusudia kuichangia, ile ya upasuaji wa matundu madogo. Nia hiyo naiunga mkono. Nimekuja kuomba kitu kingine kiitangulie.

Katika upasuaji huo daktari halifungui tumbo kwa mkato mrefu. Hutoboa matundu machache, kila moja halizidi upana wa kidole, hulijaza tumbo gesi ili liinuke, kisha hupitisha kamera na vyombo vyembamba virefu. Kifuko cha nyongo chenye mawe au kidole tumbo kilichovimba hutolewa kwa njia hiyo, na mgonjwa aghalabu hurejea nyumbani upesi. Kwa mchuma chai, au mama abebaye mikungu ya ndizi hadi sokoni, majuma yanayookolewa ni chakula cha watoto.

Ugumu uko mikononi. Mpasuaji hutazama kioo, wala si tumbo. Picha haina kina. Na kwa kuwa chombo huegemea tundu kama kasia kwenye ukingo wa mtumbwi, mkono ukienda kulia ncha huenda kushoto.

Erich Mühe wa Ujerumani alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985. Tehemton Udwadia akafanya hivyo Mumbai mwaka 1990, wa kwanza nchini India. Ufundi ulipoenea, wapo waliojifunza siku mbili tatu wakarudi kupasua, na mirija ya nyongo isiyostahili ikakatwa. Mwaka 1992 jimbo la New York likaelekeza kwamba mpasuaji asimamiwe kwanza katika upasuaji usiopungua 15.

Nami nimo katika hadithi hiyo. Nilihudhuria mafunzo ya wiki moja, nikarudi kazini nikakuta mtungi wa gesi mtupu. Ulipojazwa, miezi minane ilikuwa imepita. Nilianza kwa mama mmoja mwenye mawe ya nyongo, na baada ya nusu saa nikatambua kwamba sina hakika na ninachokishika. Nikaviondoa vyombo, nikalifungua tumbo kama nilivyofundishwa zamani. Alipona. Lakini nilimwahidi matundu manne, naye akaamka na mshono wa shibiri nzima. Cheti changu kilikuwa ukutani.

Sheria hututaka tuonyeshe alama za mafunzo endelevu tunapohuisha leseni, na ni jambo jema, ila alama zipatikanazo kwa kuketi ukumbini hazifundishi vidole. Tunacho Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao Arusha. Na tangu 2023 kipo Kigali kituo cha IRCAD cha kufundishia upasuaji huu. Lakini mpasuaji wa wilaya akiondoka wiki mbili, ngiri iliyojinyonga haimngoji. Itapelekwa Mbeya, kilomita zipatazo 70, katika mvua zetu hizi za Rungwe.

Kwa hiyo mafunzo na yaje hapa. Naomba hekalu ligharimie nauli na malazi ya mpasuaji mzoefu, aje mara moja kila mwezi kwa mwaka mzima, asimame kando ya madaktari wetu. Kuhusu gesi, wapasuaji wa vijijini India wametuonyesha njia: wapo wanaolinyanyua tumbo kwa chombo cha chuma, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi ya uti wa mgongo.

Na kati ya ziara na ziara, mazoezi. Pale barazani nimeweka sanduku la plastiki lenye matundu mawili, taa, na simu iliyo badala ya kamera. Ndani mna vikombe viwili na maharage kumi. Baada ya chai, karibuni mjaribu kuyahamisha bila kuangusha hata moja. Asubuhi kijana mmoja wa sekondari alinishinda.