Kumwazima Jirani Sidii: Maneno Niliyosema Kutulo

UZI. Kwa mliochelewa: hapa tunafafanua hoja zinazopigiwa kelele kwenye mijadala ya siasa, bila kutaja mwanasiasa wala chama. Haya niliyasema mbele ya watu Kutulo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojificha huko nyuma karibu na mlango.

Leo hoja ni muvi. Najua kuna anayesema moyoni, tuna ukame, tuna ubishi wa mpaka wa Wajir na Mandera unaopita hapa hapa tulipokaa, na huyu anatuletea habari za sidii. Ngojeni kidogo. Kila kampeni mmoja anapanda jukwaani anasema vijana wa mabanda ya video wananyanyaswa. Mwingine anamjibu kwamba hao vijana ni wezi wa jasho la wasanii. Wote wawili wanapigiwa makofi. Lakini kuna mtu wa katikati hatajwi kabisa: yule asiyeuza, asiyekodisha, mwenye DVD zake mwenyewe, anayemwazima jirani.

Mtu huyo yuko. Mimi namjua mmoja ana sanduku la bati limejaa filamu za Kihindi, nyingine zimetiwa sauti ya Kisomali, na za vita za miaka ile. Intaneti ikikata, na mnajua inavyokata, sanduku hilo ndilo sinema ya mtaa. Ana daftari: jina, tarehe, muvi gani. Hachukui hata shilingi. Wenzake wawili wakusanyaji wana masanduku yao, wanabadilishana. Siku moja askari mmoja akamuuliza, leseni yako iko wapi? Akakosa la kusema. Akaja kwangu, na mimi nikaenda kusoma sheria.

Nianze na Sheria ya Hakimiliki, namba 12 ya mwaka 2001, ile Sura ya 130. Kifungu cha 26 kinampa mwenye kazi, si mwenye diski, haki ya peke yake ya kusambaza nakala kwa umma. Kwa njia gani? Kuuza, kukodisha, na, sikizeni vizuri, kuazima. Neno limo. Watu wengi wanadhani pesa isipoingia basi sheria haikuhusu. Si hivyo.

Lakini someni na maneno mawili yaliyo karibu nalo: kwa umma. Kumpa binamu yako diski awatazamishe watoto si umma, na sioni hakimu atakayesema vinginevyo. Sasa daftari likifika majina arobaini, na mengine ni ya watu wa Tarbaj na El Wak ambao huwajui sura? Hapo wakili wa upande wa pili anaanza kutabasamu. Sheria haikuweka idadi. Haikusema umma unaanzia kwa mtu wa ngapi. Na ufa huo ndio unaompa askari nafasi ya kuuliza anachotaka.

Marekani walibishana jambo la jamaa yake. Mwaka 1908 mahakama yao ya juu iliamua kesi ya mchapishaji aliyeandika ndani ya kitabu kwamba kisiuzwe chini ya dola moja. Mahakama ikasema, ukishauza nakala, umeuza. Huwezi kuifuata mpaka sokoni. Maduka ya kukodisha kanda za video kule yalisimama juu ya wazo hilo. Ndiyo maana kijana akisoma mtandaoni kwamba diski ukinunua ni yako, fanya utakalo, ajue anasoma sheria ya watu wengine. Yetu imetaja kuazima kwa jina.

Halafu kuna jambo ambalo hamtalipenda. Hayo yote nimesema ni ya diski halali. Fungueni masanduku yenu. Ngapi zina stika ya Bodi ya Hakimiliki? Nyingi zimechomwa vichochoroni, zimefungwa kwa plastiki, muvi kumi ndani ya diski moja. Hiyo ni nakala haramu. Ukiwa nayo kwa matumizi yako ya nyumbani, kosa la jinai la kumiliki halikufikii, sheria inasema hivyo. Ukianza kuisambaza umeingia kifungu cha 38, na huko faini inafika shilingi 400,000, au kifungo mpaka miaka 10, au vyote. Kwa diski ya bei ya chai na mandazi! Mimi naona adhabu hiyo ilitungwa ikimfikiria mwenye mashine za kuchoma maelfu, lakini maandishi hayambagui mwenye sanduku la bati.

Hata zile halali tunazoletewa na ndugu zina mambo. DVD ya Minneapolis ni ya eneo la 1, ya Dubai eneo la 2, sisi tuko eneo la 5. Mashine inakataa, kijana wa simu anaifungua kufuli, na kuvunja kufuli la kulinda kazi nako kumekatazwa katika kifungu cha 35. Yaani shemeji alilipa dola zake halali na bado mnatazama mkiwa na wasiwasi.

Muda nao unasaidia, polepole. Filamu hapa Kenya inalindwa miaka 50. Sholay, ambayo nusu yenu mnaijua kwa moyo, ukihesabu tangu ilipotoka 1975, ulinzi wake kama filamu ni wa mpaka mwisho wa 2025. Muziki wake ni hesabu nyingine, maana mtunzi alifariki 1994 na miaka 50 ya watunzi inaanza baada ya kifo.

Sasa siasa yenyewe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya maonyesho ya video na ukodishaji, pamoja na maktaba, katika orodha moja. Na wakati huo huo kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa 1962 kabla hatujapata uhuru, inayosimamiwa na bodi ya kitaifa. Mwenye banda anatozwa huku na huku. Kwa hiyo mgombea wa kaunti akikuambia leseni ni mambo ya Nairobi, mwonyeshe jedwali. Na yule wa Nairobi akisema ni mambo ya kaunti, muulize mswada wake wa kurekebisha kifungu cha 26 uko wapi. Mstari mmoja ungetosha: kuazimana nakala halali, bila malipo, baina ya watu binafsi, si kusambaza kwa umma.

Tena kaunti haihitaji kungoja Bunge. Tangu 1996 ngamia wa maktaba ya taifa wamebeba vitabu Garissa na Wajir, na hakuna aliyeona ajabu. Rafu ya diski halali, zilizonunuliwa kwa ruhusa ya kuazimisha, ni bajeti ndogo kuliko mahema ya mkutano mmoja wa kampeni.

Mama mmoja aliniuliza mwishoni, mwanangu, yule wa sanduku afanye nini wiki hii? Nikamwambia: atenge zilizochomwa, zibaki nyumbani kwake zisitoke. Zile halali aweke risiti zake ndani ya kasha. Aazime anaowajua. Asikusanye watu akawatoza kiingilio, maana hapo ameacha kuazima, amefungua banda, na atahitaji leseni. Akauliza, na daftari? Nikasema daftari abaki nalo, maana la sivyo hizo diski hazirudi.