Hoja ya Mfanyakazi na Jibu la Kiongozi



Februari 1970, Rais Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka mmoja baadaye chama tawala cha TANU kikatoa waraka wake wa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Nimeichagua miaka hiyo kwa sababu wafanyakazi wa nchi hii walisema waziwazi wanataka nini kwa anayewaongoza.

Walisema kwa kugoma. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa vilisimama, hasa Dar es Salaam, na mara nyingi mshahara haukuwa hoja kuu. Watu walilalamikia matusi, ubabe na kufukuzana kazi kwa hasira. Waliitaja ibara ya 15 mbele ya mameneja kama mtu anavyotaja kifungu cha sheria mahakamani. Kuna mahali walimfungia meneja nje ya lango, wao wakaendelea kuzalisha. Hapo naomba tutue kidogo. Mvivu haendeshi mashine siku ambayo bosi hayupo. Kazi waliipenda, walichokikataa ni kudharauliwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi, wakakichukua kiwanda chenyewe.

Mbona mabaraza hayakuizima migomo hiyo mapema? Yalikuwa ya kushauri tu. Wakuu wa idara waliingia kwa vyeo vyao, na uamuzi ulibaki kwa menejimenti. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja, NUTA, na Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Lalamiko lilikuwa na pa kusemewa, lakini hakuna aliyelazimika kulijibu.

Mabaraza tunayo hadi leo, na vyuo vikuu vya umma vinayo. Mara nyingi makabrasha hugawiwa asubuhi ya kikao, bajeti ikapitishwa, na suala la kupandishwa madaraja likasubiri "mengineyo", wakati wajumbe wamechoka. Semina za uongozi ni jambo jema, ila hazitatuponya na hili.

Ninapendekeza makabrasha yatoke wiki mbili kabla. Kikao kianze na majibu ya hoja zilizopita, kila moja ikiwa na afisa anayewajibika na tarehe. Dereva, mlinzi na mhudumu waweze kuingiza ajenda bila kupitia kwa mkuu wao, kwa kuwa huenda mkuu huyo ndiye anayelalamikiwa. Na fedha zikikosekana, kiongozi asimame mwenyewe aseme hapana, aonyeshe hesabu, aulizwe maswali mpaka yaishe. Watu wazima huweza kulipokea jibu hilo. Kukaa mwaka mzima bila jibu lolote ndiko kunakowafanya waje kazini kusaini tu mahudhurio. Kikao kijacho cha bajeti kinatosha kuanzia, na suala la madaraja liwe la kwanza kujibiwa.