Rehani ya ushirika si siri ya kamati

Kibera, wakazi wa Soweto Mashariki waliunda ushirika wa nyumba ili kuweka akiba. Kawangware, wenye matatu wamo ndani ya sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo. Je, mwenyekiti anaweza kubeba hati ya kiwanja cha chama na kuiweka rehani benki peke yake? La hasha. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya ya mwaka 1997 inataka kwanza sheria ndogo za chama ziruhusu rehani waziwazi. Kisha mkutano mkuu upitishe azimio maalumu: theluthi mbili za waliohudhuria na kupiga kura. Kamati husimamia tu. Mali ni ya wanachama. Basi tangazo la mkutano likibandikwa, nenda, uliza, piga kura.