Tusitoe Kopo la Ekzosi

Vikundi vyetu vingi siku hizi vinanunua pikapu. Halafu fundi anasema, "Hili kopo la ekzosi tulitoe, linamaliza nguvu." Tusikubali! Ndani mna platini na paladi, madini ya bei. Ndiyo sababu linatafutwa.

Petroli isiyoungua yote huacha hidrokaboni, pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo inaua. Zikigusa madini hayo yakiwa moto, huungana na oksijeni, zikawa maji na kaboni dayoksaidi. Madini yenyewe hayaungui. Adui yake ni risasi, na Kenya ilikwisha acha petroli ya magari yenye risasi kufikia 2006.

Lakini tukumbuke: kopo likiwa baridi halifanyi kazi. Basi tusiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa.