Dawa ya Shambani Ikifika Mtoni

Hotuba kwa wakulima na wavuvi wa bonde la Ziwa Naivasha



Mvuvi akitupa wavu huwaza samaki. Ni wachache hukumbuka mwani, vimea vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni majini. Vijidudu hula mwani, samaki nao hula vijidudu. Mwani ukidhoofika, wavu wa mvuvi huwa mwepesi.

Dawa ya kuua magugu inaweza kudhuru hata mwani. Metribuzini, inayotumiwa kwenye viazi na nyanya, huua gugu kwa kulizuia kutumia mwanga wa jua. Mwani nao huishi kwa mwanga huo huo.

Nchini Kenya, dawa hizi husajiliwa na bodi ya PCPB. Kipimo kimoja kinachotambulika kimataifa ni kile cha OECD nambari 201. Mwani huwekwa kwenye chupa zenye viwango tofauti vya dawa kwa saa 72, mwanga ukiwaka bila kuzimwa. Katika chupa isiyo na dawa, mwani sharti uongezeke angalau mara 16. Kisha wataalamu hutafuta kiwango cha dawa kinachopunguza kasi ya ukuaji kwa nusu.

Kipimo hicho ni muhimu, kwa kuwa husaidia kulinganisha dawa moja na nyingine. Lakini mto si chupa. Mvua ikinyesha Kinangop baada ya wakulima kunyunyizia, maji huosha dawa hadi kwenye vijito vya Mto Malewa. Dawa hupanda ghafla kwa saa chache, kisha hushuka. Mvua nyingine ikija, huja na dawa nyingine.

Kwa sababu hiyo, watafiti pia hupima kwa hali inayokaribia ile ya mtoni. Mwani huwekewa dawa kwa saa chache, hurudishwa kwenye maji safi, kisha huhesabiwa siku unazochukua kupona. Wengine hutumia matangi na vidimbwi vya nje, penye tope, jua na usiku.

Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba dawa inayozuia matumizi ya mwanga ikiondoka mapema, mara nyingi mwani hupona. Dawa ikirudi kabla haujapona, au zikichanganyika dawa kadhaa, madhara yanaweza kuzidi. Basi hesabu si ya kiasi cha dawa pekee; ni pia ya mara ngapi, na kwa muda gani.

Hesabu hiyo iko mikononi mwa mkulima. Usinyunyizie mvua ikikaribia. Acha ukanda wa nyasi kati ya shamba na mto. Usioshe pampu mtoni. Suuza chupa ya dawa mara tatu, na maji hayo yamimine kwenye pampu yakatumike shambani. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Usipokielewa, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako.

Ziwa Naivasha, lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1995, halina mto unaotoka. Maji yake hupotea kwa kupenya ardhini na kuwa mvuke. Kinacholetwa na Malewa hakina mto mwingine wa kukipeleka mbali.